Ng'ombe Kumi na Wanne wa Mbuke

Kwa miaka tisa Mbuke binti Sayi alihesabiwa na serikali kuwa mtu mwenye mali, kwa sababu ya ng'ombe kumi na wanne ambao hawakuwa wake. Aliyewaandika kwenye fomu ni mimi. Niliwaandika kwa kalamu ya bluu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na nilijua kabisa kwamba hawakuwa wake.

Naanza na hilo ili msije mkalitafuta katikati ya hadithi za baiskeli na mbwa. Nilipostaafu miezi michache iliyopita, vijana wa idara mliniomba, kati ya pilau na hotuba, niandike chochote kuhusu kazi ya zamani. Nadhani mlitegemea vichekesho. Vipo vichache. Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa haba na vilichelewa. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia. Katika mkoa huu nimetumikia halmashauri zaidi ya moja na sitasema ipi ilikuwa ipi. Kijiji nitakachokisimulia kiko upande wa Dutwa, na kwa jina sitakitaja, ingawa wenyewe watajijua.

Niliajiriwa karani wa kodi nikiwa na miaka ishirini na miwili. Wakati ule mwanamume mzima alidaiwa kodi ya maendeleo, ambayo huku kwetu hakuna aliyeiita hivyo. Iliitwa kodi ya kichwa, kana kwamba mtu akikosa kulipa kichwa kingeondolewa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Mayunga, karani mkongwe, mwembamba kama ufito, mwenye koti la kaki la mifuko minne. Mfuko mmoja ulikuwa wa karatasi za kaboni, mwingine wa kalamu, wa tatu wa tumbaku. Wa nne hakuwahi kuniambia una nini, na nilifanya naye kazi miaka kumi na moja.

Alinipa baiskeli, kitabu cha stakabadhi na onyo moja: kitabu kikipotea, bora upotee nacho. Tukaondoka Bariadi asubuhi, sisi wawili na mgambo wawili. Kabla hatujafika kijiji cha kwanza, wanaume wote walikwisha kuondoka. Tuliwakuta wanawake, watoto, na mbwa waliotutambua kuliko watu. Kwenye nyumba moja Mayunga alisimama karibu na kihenge cha mtama, akajitia tumbaku kidogo puani, akapuliza iliyobaki kwenye vidole kuelekea mlango wa kihenge. Ndani mtu akapiga chafya.

"Mwangaluka, bhabha," Mayunga akaamkia kwa Kisukuma, kama anayemsalimu baba. "Toka taratibu, usimwage mtama."

Tulicheka sana siku hiyo. Yule bwana hakuwa na fedha, kwa hiyo mgambo wakachukua baiskeli yake. Wiki mbili baadaye mke wake alishikwa na uchungu wa uzazi na ikabidi aende zahanati kwa miguu. Alijifungulia njiani. Mtoto aliishi, wakamwita Kodi, kama wanavyofanya watu wetu kumpa mtoto jina la jambo lililokuwapo. Nasikia sasa ni fundi wa pikipiki huko Lamadi na anatoza ghali. Mnaposimulia kile kisa cha chafya, na najua mnakisimulia, kimalizeni mpaka hapo.

Somo langu kubwa lilikuja katika wiki hiyo hiyo ya kwanza. Tulifika kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha nyasi kilichoegemea upande, lakini nyuma yake palikuwa na zizi la ng'ombe ishirini. Nikafungua daftari, nikaanza kuandika. Mayunga akaniwekea kiganja juu ya ukurasa.

"Unaandika nini?"

"Ng'ombe ishirini, mzee."

"Wa nani?"

"Wa huyu. Si wako kwenye zizi lake?"

Akalifunga daftari langu. "Wewe Ngusa, ni Msukuma wa wapi? Au ulizaliwa kwenye treni?"

Nilijua alichokuwa anasema, ila shule ilikuwa imenisahaulisha. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Anawagawa kwa watu wasio na kitu, hapa kumi, kule nane, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize, na mwizi au mkwe mwenye tamaa asione yote kwa mkupuo. Anayetunza anapata maziwa, samadi, na maksai wa kulimia. Akitunza vizuri miaka mingi, anapewa mtamba. Ni mpango mzuri. Umewalisha maskini wengi kuliko mradi wowote niliowahi kuufanyia kazi. Hauna karatasi, una sharti moja tu: mtunzaji hasemi. Akiulizwa mbele za watu, ng'ombe ni wake. Kumtaja mwenyewe hadharani ni sawa na kumvua nguo sokoni.

"Kwa hiyo usiulize ni wa nani," Mayunga akaniambia tulipokuwa tukisukuma baiskeli mchangani. "Ukiuliza hivyo unamlazimisha mtu wa watu aseme uongo, na wewe unauandika. Uliza hivi: akifa mmoja leo, ngozi inapelekwa wapi? Ngozi haina siri. Lazima ifike kwa mwenyewe ili aamini kwamba amekufa, hakuuzwa."

Tangu siku hiyo niliuliza habari ya ngozi. Nilijifunza pia kusoma chapa ya moto pajani, kwa sababu kila ukoo una yake. Kwa miaka michache nilikuwa najua zaidi kuliko mwenyekiti yeyote nani ana nini na kakificha wapi. Mayunga hakufurahishwa na ujuzi huo kama nilivyofurahi mimi. Yeye alikuwa ameanza kazi enzi za vijiji vya ujamaa, alisaidia kuwahamisha watu na kuwapimia viwanja kwa kamba, na alikuwa na maneno yake. "Tuliwaambia vyote ni vyetu," alisema, "mwenye ng'ombe akaficha ng'ombe. Sasa tunawaambia kila mtu na chake, mwenye ng'ombe bado anaficha ng'ombe. Asiye na ng'ombe ndiye tunayemkuta nyumbani kila mara." Alistaafu, akafa kabla mafao yake hayajatoka. Tulichanga jeneza ofisini.

Kodi ya kichwa ikafutwa. Nakumbuka watu walivyoshangilia, na mimi nilishangilia pia, kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye kodi. Halmashauri ikabaki inategemea ushuru wa mazao, na sisi makarani tukahamishiwa barabarani. Geti letu lilikuwa kamba iliyofungwa makopo, kibanda cha bati na benchi. Wakati ule ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamejaa kila kona. Chama cha ushirika, ambacho wazazi wetu walikipigania na baadaye viongozi wao wakakila mpaka mfupa, kilikuwa kimebakiza maghala matupu na walinzi wasiolipwa. Wapo waliosema soko huru litatukomboa. Kwa misimu miwili au mitatu ilionekana hivyo. Kisha wanunuzi wakajuana, na bei ikawa moja kutoka Maswa mpaka ziwani.

Kwenye geti niliona namna nchi inavyobeba mzigo wake. Asubuhi moja lori la pamba lilifika, dereva hakuzima hata injini. Akanyoosha mkono dirishani akanipa simu. "Ongea na bosi."

Sauti ikasema, "Kijana, huyo apite."

Sikumwuliza yeye ni nani. Hilo nalo ni funzo: mtu anayesema hivyo hategemei kuulizwa. Nikashusha kamba, lori likapita. Nyuma yake alikuja mama na baiskeli, amefunga gunia la dengu kwenye keria. Nikamwambia ushuru wake.

Akageuka akaliangalia vumbi la lori. "Bhabha, lile limelipa?"

"Limelipa kwa njia nyingine, mayu."

"Na mimi nina njia nyingine?"

Mwenzangu akacheka. Yule mama hakucheka wala hakugombana. Alifungua kitambaa kiunoni akalipa. Nikamwandikia risiti nzuri, mwandiko ulionyooka. Nimekuwa nikijivunia mwandiko wangu maisha yote.

Nilikaa getini miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha ukaja mpango wa msaada kwa kaya maskini. Idara ya maendeleo ya jamii ilihitaji wawezeshaji wanaovijua vijiji, nami nikaomba kuhama. Naomba mwamini kwamba nilihama kwa moyo. Nilikuwa nimekusanya kutoka kwa watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa mara ya kwanza ningeenda vijijini kupeleka. Niliwaza kwamba wanaume hawatakimbia tena nikifika. Kweli, hawakukimbia. Walikuja mbio.

Tulipewa semina ya siku tano, chai na chapati mbili. Mkufunzi alikuwa kijana mpole aliyetoka mbali, mwenye dodoso lenye maswali mengi: nyumba imeezekwa kwa nini, kaya inakula mara ngapi, ina mifugo mingapi. Nilinyoosha mkono nikamweleza habari ya ng'ombe wa kutunza. Alinisikiliza vizuri, hata akaandika kitu.

"Lakini mzee wangu," akasema, "fomu inauliza kama kaya inafuga. Hiyo kaya inafuga au haifugi?"

"Inafuga."

"Basi jibu si umelipata mwenyewe?"

Watu wakacheka, tukaenda kunywa chai.

Kijiji hicho cha upande wa Dutwa kilikuwa cha nne katika ratiba yetu, na siku hiyo tulikuwa na kingine jioni. Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la zamani la pamba, kwa sababu ya mvua. Mbele, juu ya gunia, alikaa Namhala Jilala, yaani Mzee Jilala, mtu mkubwa wa kijiji kile. Alikuwa na wake wawili, mashamba ya pamba, na ng'ombe ambao hakuna aliyejua idadi yao isipokuwa mimi, kwa makisio, kutokana na chapa yake ya duara lenye mkia. Mchana alikuwa ametuchinjia mbuzi. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyekataa.

Utaratibu ulikuwa kwamba jina linasomwa, wanakijiji wanasema kama anastahili, kisha mwezeshaji anajaza fomu. Mwenyekiti akasoma: "Mbuke binti Sayi."

Mbuke alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa analea wajukuu watatu, watoto wa binti yake aliyefariki. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, nyasi juu, mlango wa mabua. Ghala zima likajibu, "Anastahili." Kisha sauti ya mwanamume nyuma ikasema, "Ana ng'ombe huyo." Watu wakaguna, wengine wakacheka chini chini.

Asubuhi nilikuwa nimepita kwake. Niliwaona ng'ombe, kumi na wanne. Niliona duara lenye mkia kwenye kila paja.

Nilipaswa kumwuliza kuhusu ngozi. Au nimwite pembeni. Au nisiulize kabisa. Badala yake nikauliza, mbele ya watu mia na zaidi, lile swali ambalo Mayunga alinionya nisiulize.

"Mayu, wale ng'ombe ni wa nani?"

Hakumtazama Jilala. Hilo nililiona, maana watu wengine wote walimtazama. Jilala alikuwa anakagua ndala zake.

"Ni wangu," Mbuke akasema.

"Wote?"

"Bhabha, nimesema ni wangu."

Nikaandika kumi na nne. Mwenyekiti akasoma jina linalofuata, Holo, mke mdogo wa Jilala, ambaye kwa kuwa alikuwa na nyumba yake na jiko lake alihesabiwa kaya ya peke yake. Je, ana mifugo? Hana. Ilikuwa kweli kabisa. "Zizi lake kuku anapita katikati bila kuulizwa," mtu mmoja akasema, na safari hii watu walicheka kwa sauti. Holo akapita. Alipigiwa makofi.

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu. Gari lilikuwa linangoja. Fomu haikuwa na nafasi ya maelezo. Kama ningemuumbua Jilala, Mbuke angepoteza ng'ombe siku hiyo hiyo, na maziwa ya wajukuu pamoja nao. Hii ya mwisho ni sababu nzuri, nami niliitumia kwa muda mrefu. Ila sikuifikiria pale ghalani. Niliifikiria nikiwa garini, baadaye, nikitoa nyama ya mbuzi kwenye meno kwa kijiti.

Mtu asiyekuwa kwenye orodha ya maskini ni mtu mwenye uwezo, na mwenye uwezo anachangia. Ndivyo karatasi zinavyosema, na karatasi zinakumbuka kuliko watu. Kilipojengwa chumba cha darasa, Mbuke alichangia. Ilipojengwa nyumba ya mganga, alichangia. Mara moja alichelewa, mtendaji wa kijiji akabeba sufuria lake kubwa na kuliweka ofisini juu ya kabati. Holo, kwa kuwa alikuwa maskini aliyethibitishwa, hakusumbuliwa. Mjukuu mkubwa wa Mbuke, Limi, alifaulu kwenda sekondari ya kata jirani. Watoto wa kaya zilizoorodheshwa walipata nyongeza kwa ajili ya shule. Limi alisoma muhula mmoja, akarudi nyumbani kuchota maji na kukamua.

Nilikuwa nafika kijijini pale kila siku ya malipo. Wanufaika walipanga foleni ghalani, na Mbuke alikuwa anakuja na dumu la maziwa kuwauzia. Mara ya kwanza sikujua nitazame wapi. Nikanunua kikombe kimoja nikampa noti, nikamwambia chenji abaki nayo.

Akanihesabia chenji yote kiganjani. "Bei ni ile ile, bhabha," akasema, "hata kwa serikali."

Marekebisho ya orodha yalifanyika mara moja katika miaka hiyo. Nilipeleka jina lake. Lilirudi na neno moja pembeni: mifugo. Mwandiko wangu mwenyewe ulikuwa umefuata jina lake kila lilikokwenda, umeingia kwenye kompyuta na kutoka ukiwa umepigwa chapa, na sasa hakuna aliyeweza kuona kwamba ulikuwa mwandiko wa mtu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Jilala alifariki. Matanga hayajaisha, wanawe walikuja na lori. Mkubwa wao, Maduhu, ana duka la vifaa vya ujenzi Bariadi mjini, ni mtu wa heshima, anatoa mkono kwa kila mtu. Ng'ombe walikuwa wamefika kumi na tisa na ndama. Wakapakia wote. Mbuke aliwasaidia kuwaswaga, maana ng'ombe walikuwa wanamjua yeye. Mila inataka mtunzaji wa miaka yote hiyo aachiwe mtamba mmoja. Jirani mmoja mzee akamkumbusha Maduhu. Maduhu akajibu kwa upole, "Hayo yalikuwa ya baba, namhala. Siku hizi ng'ombe ni biashara. Kila mmoja ana bei yake." Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema ambacho sote tumefundishwa miaka hii, ila yeye alikifanyia mazoezi.

Wiki tatu kabla sijastaafu, Mbuke alikuja ofisini. Alikuwa amepanda basi dogo kutoka Dutwa na kutembea kutoka stendi. Neema, afisa kijana ambaye ndiye amechukua meza yangu, alimpa kiti. Mbuke akakaa sakafuni, kisha akabadili mawazo akakaa kwenye kiti.

"Nimekuja kusema wale ng'ombe hawakuwa wangu," akasema.

Neema akafungua kishikwambi, akaangalia. "Mama, hapa inaonyesha una ng'ombe kumi na wanne."

"Wamechukuliwa na mwenyewe."

"Umeuza?"

"Nitauzaje mali ya mtu?"

Neema akanigeukia. Ni binti mwenye akili na moyo, na sisemi haya kumlaumu. Nikamweleza mila yote, chapa, sharti la kutosema. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mama alidanganya kwenye mkutano," akasema, si kwa ukali.

"Hakudanganya," nikasema. "Alitunza."

"Ndiyo, mzee. Lakini mfumo niuandikie nini?"

Mbuke alikuwa ananitazama mimi. "Wewe bhabha, ulipopita kwangu asubuhi ile, uliona chapa?"

Nikamwambia niliona.

"Ulijua ni ya nani?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea. "Basi tulikuwa wawili tuliomtunzia Jilala," akasema. "Mimi nilipata maziwa. Wewe ulipata nini?"

Neema akainama juu ya kishikwambi. Habari ya mbuzi niliona haya kuitaja mbele ya kijana.

Tulitafuta njia. Neema aliuliza juu, akajibiwa kwamba mabadiliko ya mali ya kaya yanahitaji ushahidi: ama barua ya mwenye ng'ombe, ama muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Nikajitolea kuandika maelezo yangu kama niliyejaza fomu. Niliandika kurasa mbili na kusaini. Yakajibiwa kwamba maelezo ya mtumishi kukana fomu aliyoisaini yanaweza kufungua suala la nidhamu, ila kwa kuwa anakaribia kustaafu, yahifadhiwe. Yamehifadhiwa.

Nikaenda kwa Maduhu dukani. Akaniagizia soda, akafukuza wateja wawili ili tukae. Nilipomwambia kuhusu barua, alizungusha chupa mkononi.

"Mzee Ngusa, nikiandika kwamba ng'ombe walikuwa wa baba tangu mwanzo, watauliza kwa nini mama yetu mdogo yuko kwenye orodha."

"Huenda wakauliza."

"Na wewe ulimwandika."

"Mimi nilimwandika."

"Sasa mzee wangu, tukivuta uzi huu, nani atabaki na nguo?" Alisema bila hasira, kisha akanisindikiza mpaka barabarani. Soda alinikataza kuilipa.

Ikabaki njia ya mkutano. Mbuke akubali kusimama mbele ya kijiji kizima, aseme kwamba miaka tisa iliyopita alisema lisilo kweli, ataje jina la marehemu, na wanakijiji wapige kura. Nilidhani atakataa. Alifikiri siku nne, akatuma ujumbe kupitia kwa Limi kwamba atasema. Tayari alikuwa hana wa kumtunzia, na sufuria lake lilikuwa bado juu ya kabati la mtendaji.

Mwenyekiti mpya wa kijiji, tumpe haki yake, aliitisha mkutano. Ajenda ilibandikwa kwenye mlango wa ghala: kuthibitisha wenye mifugo halisi. Neema alikuja na kishikwambi kilichojaa chaji. Mimi, mstaafu, nilikuja kwa nauli yangu. Mbuke alivaa kitenge cha kanisani na akakaa mbele. Tulikaa kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Walifika watu kumi na wawili, wengi wao wasio na ng'ombe popote. Akidi haikutimia.

Nilidhani ni shughuli za shambani. Wakati wa kurudi nikapitia kwenye nyumba kadhaa, kwa mazoea ya kazi. Watu walikuwepo. Wanaume walikuwa nyumbani wamekaa, mchana kweupe, wameegemea mazizi yao. Mmoja, ambaye nilimfahamu tangu kodi ya kichwa, alinikaribisha vizuri.

"Tunampenda Mbuke," akasema. "Lakini leo wakimuuliza yeye ng'ombe ni wa nani, kesho watamuuliza nani?"

Nikatazama zizini kwake. Walikuwa ng'ombe saba, wa chapa tatu tofauti.

Mkutano wa pili uliitishwa mwezi uliofuata. Mbuke alikuja, Neema alikuja, mimi nilikuja. Watu walikuwa tisa. Mwenyekiti anasema mkutano wa tatu utaitishwa watu watakapopata nafasi, na tarehe hajaipanga.